Amplifaya ya besi inajizima katikati ya onyesho: ninunue kubwa zaidi au nitengeneze niliyonayo?

mcharazaji_tanga

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wenzangu wote. Mimi ni mpiga besi wa bendi ya watu saba hapa Tanga. Ijumaa tunapiga katika hoteli moja ya ufukweni, na Jumamosi nyingi tunakuwa kwenye harusi, ambako mara nyingine ukumbi wenyewe ni turubai lililofungwa uwanjani na umeme unatoka kwenye jenereta. Nina gitaa la besi la nyuzi nne, la kuiga umbo la Precision, besi maarufu ya kampuni ya Fender, nililolinunua likiwa limeshatumika, pamoja na kichwa cha amplifaya (amplifaya isiyo na spika ndani) cha wati 300. Tangu mwanzo nilikuwa na boksi moja lenye spika ya inchi 15, na mwaka jana niliongeza boksi la pili lenye spika mbili za inchi 10 ili nisikike vizuri zaidi uwanjani.

Tatizo langu kubwa ni kwamba baada ya dakika thelathini au arobaini, hasa bendi inapofika kwenye chemko na kila mtu anapandisha sauti, amplifaya inanyamaza ghafla na taa nyekundu inawaka mbele. Nikiizima na kusubiri kama dakika tano, inarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Mwezi uliopita ilinifanya hivyo mara mbili mbele ya bwana harusi, na kiongozi wa bendi alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Gitaa nalo lina mambo yake. Nyuzi zimepanda sana kutoka kwenye shingo, vidole vinachoka kabla ya nusu ya kwanza kwisha, na nikipiga kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) kwenda juu sauti inatoka juu kidogo kuliko inavyotakiwa hata kama nimekwisha kutuna, yaani kupanga sauti za nyuzi. Pale waya unapoingia pana mkwaruzo kila ninapojigeuza.

Nimeweka akiba ya shilingi 1,500,000. Nilikuwa nimekata shauri kununua kichwa cha wati 800 na pikapu mpya za gitaa, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, lakini nimeona niulize kwanza.

besi_nzito

Ndugu, kwa bendi ya watu saba na uwanja wazi, wati 300 ni chache, ndiyo maana amplifaya inazidiwa. Mimi nilihamia kichwa cha wati 800 cha daraja la D (aina nyepesi isiyopoteza nguvu nyingi kwa joto) ambacho uzito wake haufiki kilo 3, nakibeba begani pamoja na gitaa, na mgongo wangu umepumzika. Pikapu pia badilisha, kwa sababu magitaa ya kuiga huwa na pikapu dhaifu. Nunua tu, hutajuta.

fundi_lehemu

Kuhusu mgongo nakubaliana na besi_nzito moja kwa moja, maana nimebeba vichwa vya valvu vya zamani, vile vyenye taa za kioo badala ya transista, na najua vinavyofanya kiuno. Kuhusu kununua, naomba mcharazaji asitoe hata shilingi moja kabla ya kunijibu mambo machache. Nyuma ya kichwa cha amplifaya, karibu na matundu ya spika, kumeandikwa kiwango cha chini cha omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ngapi? Kila boksi lina omu ngapi? Kama kibandiko kimefutika, chomoa waya upande wa amplifaya, weka mita yako kwenye kipimo cha omu, na upime kati ya ncha na shina la plagi inayotoka kwenye boksi. Tuambie pia unaunganisha maboksi kwa waya wa aina gani, na kama feni ya amplifaya inazunguka.

mcharazaji_tanga

Ahsante, fundi. Nyuma ya kichwa kumeandikwa kwamba jumla isishuke chini ya omu 4. Boksi la inchi 15 lina kibandiko cha omu 8, na mita inasoma 6.1. Boksi la spika mbili halina kibandiko, na mita inasoma 3.3. Waya mmoja ni wa spika, na mwingine ni waya wa gitaa, kwa kuwa plagi zake zinafanana na ulitosha urefu. Feni inazunguka, ila wavu wake umejaa vumbi kama chujio la mkaa.

fundi_lehemu

Basi ugonjwa umejitaja wenyewe.

Mita ya kawaida hupima ukinzani wa koili kwa umeme wa betri yake, kwa hiyo husoma chini kidogo ya namba inayoandikwa kwenye boksi: boksi la omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, na la omu 4 husoma kama 3 au 3.5. Maana yake una boksi moja la omu 8 na jingine la omu 4, na matundu mawili yaliyo nyuma ya kichwa chako yameunganishwa sambamba, kama yalivyo karibu yote. Ukizidisha 8 kwa 4 na kugawanya kwa jumla yake, yaani 12, unapata omu 2.67. Amplifaya iliyoambiwa isishuke chini ya 4 inafanyishwa kazi ya 2.67 tangu mwaka jana ulipoongeza boksi la pili, na nadhani ukikumbuka vizuri utaona kwamba huko kujizima kulianza baada ya boksi hilo kuingia nyumbani.

Wati 300 kwenye omu 4 zinahitaji kama volti 35, na mkondo unaopita unakaribia ampea 9. Volti hizo hizo ukizipeleka kwenye omu 2.67, mkondo unafika ampea 13. Transista zinapata joto ambalo hazikupangiwa, vumbi linaziba njia ya hewa, na saketi ya kinga inakata sauti kabla hazijaungua. Dakika thelathini au arobaini ndizo zinazotosha bati la kupozea kufikia kikomo chake. Kwa hiyo amplifaya yako inapojizima, ujue inajiokoa, na imekuokoa wewe pia kwa mwaka mzima.

Pana jambo jingine ambalo huenda litakuudhi. Maboksi mawili yasiyolingana hayagawani nguvu sawa. La omu 4 linachukua theluthi mbili na la omu 8 linabaki na theluthi moja, kwa hiyo ile spika ya inchi 15 unayoitegemea kwa uzito imekuwa ikila makombo.

Je, kichwa cha wati 800 kingetatua tatizo? Vichwa vingi vya nguvu hiyo navyo vimeandikwa omu 4 kuwa kikomo chake. Ungekiunganisha kwenye maboksi hayo hayo, kingejizima vilevile, nawe ungekuwa huna akiba. Hata kwa upande wa sauti, kutoka wati 300 kwenda 800 ni ongezeko la desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 4 na kidogo. Sikio linalitambua, lakini si la kuuzia ng'ombe. Boksi ambalo wepesi wake wa kutoa sauti umezidi kwa desibeli 3 linakupa faida ile ile ambayo ungeipata kwa kuongeza wati maradufu, na ndiyo maana mimi nikiulizwa pesa ziende wapi, husema ziende kwenye boksi kwanza.

Kwa Ijumaa hii piga kwa boksi moja tu. La spika mbili likiwa peke yake ni omu 4 na amplifaya itatoa nguvu yake yote, lakini soma kwanza kama spika zake zinahimili wati 300, maana spika za bei nafuu zinaweza kukoma kwenye 100 kila moja. Kama huna uhakika, tumia la inchi 15 peke yake. Kwenye omu 8 amplifaya itatoa zaidi kidogo ya nusu ya nguvu yake na itakaa baridi usiku kucha. Baadaye tafuta mtu wa kubadilishana naye, ili maboksi yako yote mawili yawe ya omu 8, kwani mawili ya aina hiyo yakiunganishwa sambamba yanakuletea omu 4 kamili. Kuna watakaokushauri ufungue boksi la spika mbili na kuziunganisha kwa mfuatano zifike omu 16. Ni salama, kwani pamoja na la 8 utapata 5.33, lakini utakuwa umelihamishia njaa boksi la pili, nalo ndilo litakalobaki na theluthi.

Ule waya wa gitaa utoe leo hii. Ndani yake uzi wa katikati ni mwembamba sana, kwa sababu kazi yake ni kubeba ishara ndogo kutoka kwenye gitaa huku wavu wa nje ukizuia kelele. Ukiupitishia ampea kadhaa unapata moto, na ukiungua ukashikana, unaiacha amplifaya ikitazamana na shoti. Waya wa spika una nyaya mbili nene zilizo sawa, za milimita za mraba 1.5 au 2.5. Kama kichwa chako kina tundu la Speakon (tundu maalumu la waya wa spika), litumie, kwa sababu plagi yake inajifunga na mtu akiukanyaga waya jukwaani hauchomoki.

Vumbi unaweza kulipuliza kutoka nje kwa pampu ya baiskeli huku umeishikilia feni isizunguke. Usifungue kifuniko kama hujui unachokishika, maana kapasita za ndani hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Na kwa wenye vichwa vya valvu wanaosoma hapa, kwenu sheria inaanzia upande mwingine: msiwashe na kupiga bila spika kuunganishwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti huungua.

mzee_wa_besi

Marahaba, kijana wangu. Fundi amekwisha kuizungumza amplifaya, mimi nitalizungumza gitaa, kwa kuwa nimelibeba tangu miaka ya 1980 na mengi niliyajua baada ya kuyaharibu.

Malalamiko yako mawili, nyuzi kuwa juu na sauti kupanda kuanzia freti ya 12, ni tatizo moja lililovaa nguo mbili. Uzi ulio mbali na shingo unapobonyezwa hunyooshwa zaidi, na ukinyooshwa sauti yake hupanda. Watu wengi wakiona hivyo wanakimbilia kusogeza matandiko ya daraja (vile vipande vinavyobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa), na wiki inayofuata wanarudia tena. Lazima uanze na shingo, kisha urefu wa nyuzi, na kusogeza matandiko kuje mwisho, nyuzi zikiwa mpya au angalau safi. Ukibadili mpangilio huo, kila hatua itaiharibu iliyotangulia.

Nyuzi nne za besi kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, na ndani ya shingo mna nondo ya chuma inayovuta upande wa pili ili mbao isipinde kama upinde wa mshale. Sisi wa pwani mbao zetu hazipumziki. Masika inapoingia hunywa unyevu, kaskazi inapovuma hali inageuka, na wewe kila Ijumaa unalitoa gitaa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuliingiza kwenye hewa ya bahari. Shingo iliyonyooka Januari usitarajie kuikuta hivyo hivyo Mei.

Panga sauti za gitaa kama kawaida, ulishike kama unavyolipiga, kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja. Sasa uzi huo umekuwa rula. Tazama nafasi iliyopo kati yake na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe kama milimita 0.3, kiasi cha kuona mwanga tu. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kama kadi inapita pale bila kuugusa uzi, shingo imepinda kupita kiasi. Legeza nyuzi kidogo, ingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) kwenye nati ya nondo, na ukiitazama nati hiyo uso kwa uso, zungusha kuelekea mshale wa saa unavyokwenda, robo ya mzunguko na isizidi hapo. Panga sauti tena, pima tena, na uliache mpaka kesho kabla ya kuongeza robo nyingine. Nati ikikataa, simama. Nilimwona mwenzangu mmoja akiilazimisha kwa koleo, nondo ikakatika, na shingo hiyo leo ni ya kuning'inizia nguo.

Shingo ikitulia, shusha matandiko ya daraja mpaka kwenye freti ya 12 uzi mnene uwe na milimita 2.5 na ule mwembamba uwe na milimita 2. Zikianza kugonga freti, pandisha kidogo. Wapo wanaopenda chini zaidi, lakini mtu anayepiga dansi kwa vidole vyenye nguvu anahitaji nafasi. Baada ya hapo gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate ule mlio mwembamba wa kengele, kisha ubonyeze freti hiyo hiyo na ulinganishe kwenye tuna, kile kifaa cha kupimia sauti. Uzi uliobonyezwa ukiwa juu ya mlio wa kengele, rudisha tandiko nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, lisogeze mbele.

Nyuzi zenyewe ni habari ndefu. Jasho na chumvi ya bahari huingia kwenye mizunguko ya uzi, na uzi uliojaa uchafu hautetemi sawasawa urefu wote, hivyo hata matandiko ukiyapanga vipi hautakaa sawa. Siku zetu seti ya nyuzi za besi ilikuwa kitu cha kumwagiza msafiri, kwa hiyo tulizitoa na kuzichemsha kwenye sufuria. Zilirudi na mng'ao wa siku mbili tatu, na mke wangu hakuifurahia hata mara moja supu hiyo. Leo ukitaka kuziokoa, zilaze usiku kucha kwenye spiriti ndani ya bomba lililozibwa, mbali na jiko, kisha zifute na kuzianika mpaka zikauke kabisa. Kinachoshinda yote hayo ni kitambaa cha pamba kikavu ukifute kila uzi, juu na chini yake, mara tu unaposhuka jukwaani. Unapoweka mpya, ukunje uzi kabla ya kuukata ili mzunguko wa nje usifumuke, na uache mizunguko miwili au mitatu kwenye kikazio. Ukitaka mlio wa kizamani, mzito na mfupi, jaribu nyuzi bapa. Zinadumu sana na hazishiki uchafu kirahisi, ila zinataka urudi tena kupima shingo, kwa kuwa mvuto wake si sawa na wa zile za kawaida.

Mkwaruzo wa pale waya unapoingia, naweza kusema bila kuliona gitaa kwamba nati ya jeki imelegea. Jeki ikizunguka, nyaya zilizo ndani zinajisokota mpaka lehemu inaachia. Fungua, ishike jeki kwa ndani, kaza nati, kisha sukuma ule ulimi wa chuma kidogo kuelekea katikati ili uibane ncha ya plagi. Lehemu ikiwa imepasuka, iyeyushe upya. Nobu zikikwaruza, puliza ile dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme ndani ya tundu lake na uzungushe mara ishirini. Usitumie mafuta ya bawaba, yanakusanya vumbi.

Sasa pikapu. Kampuni ya Fender iliigawa pikapu ya Precision vipande viwili mwaka 1957, na mpangilio huo huufuta mngurumo wa umeme wenyewe kwa wenyewe. Kama la kwako ni la umbo hilo na halingurumi, unachotaka kubadilisha kwa pesa nyingi ni kitu ambacho mcheza dansi aliye chini ya turubai hatakisikia. Kabla ya kuitupa, ishushe au uipandishe kwa skrubu zake mpaka nyuzi zote nne zitoe sauti inayolingana. Mimi nilibadilisha pikapu mara tatu maishani, na mara mbili kati ya hizo kilichokuwa kinaniumiza ni nyuzi kuukuu.

binti_wa_taarab

Assalaam aleikum jamaa. Mimi napiga besi katika kikundi cha taarab hapa Mombasa, na nimefurahi kuona mtu ameitaja jenereta, kwa maana wengi wetu tunalitunza gitaa kama yai halafu tunalichomeka kwenye umeme ambao hatujaupima.

Niliwahi kuletewa kichwa cha amplifaya na ami yangu kutoka Marekani. Kilikuwa cha volti 120, nami nilijua, lakini kijana aliyetusaidia kupanga vyombo hakujua, akakichomeka ukutani kwenye volti 240. Fyuzi ilikatika, akaweka nyingine kubwa zaidi, na hapo transfoma ya ndani ikatoa moshi. Tangu siku hiyo huandika volti kwa rangi nyeupe kwenye kila chombo changu. Mwenye chombo cha Marekani au cha Japani, ambako umeme ni volti 100, anunue transfoma ya kupunguzia yenye uwezo wa karibu mara mbili ya kinachoandikwa kwenye chombo, na akumbuke kuwa kilichoundwa kwa umeme wa hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) tu kinapata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu. Vichwa vingi vipya vyepesi huandikwa volti 100 mpaka 240, na hivyo havina taabu. Bado soma, usikisie.

Kaka yangu wa Tanga, pima volti kwenye soketi ya jukwaani kabla hujachomeka chochote, kisha pima tena bendi ikiwa inapiga. Waya mrefu wa ekstensheni hula umeme. Waya wa shaba wa milimita ya mraba 1 wenye urefu wa mita 50, kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama omu 1.8, bendi nzima ikivuta ampea 10 kupitia humo, volti 18 zinapotea njiani na kugeuka joto. Wa milimita za mraba 2.5 unapoteza kama volti 7 tu. Na kama waya umezungushwa kwenye kibiringi, ukunjue wote, kwa kuwa uliobaki ndani hauna pa kutolea joto na plastiki yake huyeyuka. Kwenye jenereta, omba taa za rangi na friji ya mwenye soda zichukue njia nyingine, kwa sababu kila zinapowaka volti za jukwaani hushuka, na zikizimwa ghafla hupanda. Stabilaiza husaidia ikiwa uwezo wake unatosha.

Kuna mazoea ya kukata mguu wa ethi (waya wa ardhini) kwenye plagi ili mngurumo upotee. Nawaomba msifanye. Mpiga besi anayeimba huku ameshika nyuzi za chuma, kisha midomo yake ikagusa maikrofoni iliyounganishwa kwenye soketi nyingine, anakuwa yeye mwenyewe ndiye waya. Tumieni kisanduku cha DI (kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mitambo ya ukumbi) chenye swichi ya kukata ethi kwenye njia ya sauti, si ya umeme, na chomekeni vyombo vyote vya jukwaani kutoka chanzo kimoja chenye swichi inayokata umeme unapovuja miliampea 30. Kisanduku hicho kina faida nyingine: amplifaya ikifa, unakwenda moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi na wageni hawajui.

Na ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, liache gitaa ndani ya begi dakika ishirini kabla ya kufungua. Likitoka baridi hutoa jasho, na jasho hilo ndilo linaloleta kutu kwenye skrubu za daraja.

besi_nzito

Nimekwenda kusoma nyuma ya kichwa changu cha wati 800. Kimeandikwa omu 4. Nimenyamaza.

mcharazaji_tanga

Wakubwa zangu, zimepita wiki tatu na nimeona si heshima kuchukua elimu nisirudi.

Kwanza, boksi la spika mbili lilianza kuingia kwenye safari zetu mwezi ule ule amplifaya ilipoanza kujizima. Nilipekua picha za harusi kwenye simu nikalithibitisha hilo. Ijumaa ya kwanza nilipiga na boksi la inchi 15 peke yake, masaa matatu, na taa nyekundu haikuwaka. Sauti ilipungua kidogo, lakini nilipunguza pia nobu ya besi, kwa kuwa nilikuwa nimeipandisha mpaka mwisho, na kiongozi wetu akaniuliza nimenunua spika gani. Fundi, naomba unifafanulie hilo, maana sikulielewa.

Shingo ilikuwa imepinda. Kadi ya benki ilipita chini ya uzi bila kugusa chochote. Imechukua robo tatu za mzunguko kwa siku nne, nyuzi mpya, na sasa freti ya 12 inakubaliana na tuna. Jeki ilikuwa kama mzee alivyosema, nati imelegea na waya mmoja umeshikiliwa na uzi mwembamba kama unywele. Kwenye harusi ya Jumamosi nilipima umeme wa jenereta, nikakuta volti 228 kabla ya kuanza na 204 tulipokuwa kwenye chemko, kwa hiyo tumenunua waya wa milimita za mraba 2.5 kwa pesa za bendi. Boksi la spika mbili nimekubaliana na mpiga kinanda wa kanisani alichukue, naye ananipa la kwake la inchi 15 lenye omu 8, nikimwongezea shilingi 200,000.

fundi_lehemu

Hongera, ndugu. Kuhusu nobu: uzi wa chini kabisa wa besi yako unatetema mara 41 kwa sekunde, na maboksi mengi ya kubebeka huanza kuchoka yakishuka chini ya hezi 60. Unapoipandisha nobu hiyo kwa desibeli 6, unaidai amplifaya nguvu mara nne katika eneo ambalo spika haiwezi kuligeuza kuwa sauti, na koni inakwenda mbele na nyuma bure. Uzito ambao watu wanausikia wakiwa mbali unatoka zaidi kati ya hezi 80 na 250, na ulipoacha kupoteza nguvu huko chini, ndipo huku kukapata nafasi. Boksi jipya likifika, lipime kwa mita kabla hujalipa zile laki mbili.

mcharazaji_tanga

Nimepima leo asubuhi mbele yake. Inasoma 5.9.